Gemu Iliyoishia Mtoni

Kabla sijafika kwa gemu yenyewe, wacha niseme kidogo juu ya ukungu, maana bila ukungu hutaelewa kitu. Mtu wa mbali akisikia Sachangwan anakumbuka moto, ule wa lori la mafuta. Sisi tuliozeeka hapa tunakumbuka ukungu. Unaamka, unafungua mlango, na boma lako limeondoka. Choo hakipo, ua haupo, hata mbwa unamsikia tu akijikuna. Jirani anakohoa upande wa barabara, unamsalimia bila kumwona, anakujibu, mnaongea habari ya viazi mpaka mnamaliza, kila mtu anaenda zake na hamjaonana uso.

Katika ukungu kama huo, zamani, ng'ombe wetu alivunja ua akapotea. Mimi sikuwepo. Wakati huo nilikuwa turnboy, utingo, wa lori la viazi, nalala barabarani kuliko nyumbani. Mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, alijifunga kitambaa chake chekundu kichwani, akamwacha mtoto kwa jirani, akaingia ndani ya ukungu akiita. Alirudi jioni na ng'ombe, amelowa mpaka magotini. Niliporudi safari nilimuuliza, ulimpata wapi? Akacheka. "Mahali ng'ombe hupatikana," akasema. Hakuniambia zaidi ya hapo mpaka anaingia kaburini.

Lakini alimwambia mtoto, binti yetu. Najua alimwambia, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia jikoni nawakuta wawili hawa wanacheka, wakiniona wananyamaza, halafu mmoja anasema "mtoni" na wanaanza tena. Sikuudhika. Mambo ya maziwa kwetu ni ya wanawake. Anayekamua ndiye anayeita. Mwito wa kukamua unatoka kwa mama unaenda kwa binti, na kila nyumba ina wake, na ng'ombe wa nyumba hii hasikii wa nyumba ile. Mwanaume kazi yake ni ua. Mimi nina mwito wangu pia, ule wa kufukuza ng'ombe kwenye viazi, na huo kila ng'ombe wa huku anaujua na anaukimbia.

Basi mtoto akakua. Alisoma mambo ya kompyuta, akafanya kazi Nakuru kwa duka la kurekebisha simu, na mama yake alipokufa akarudi nyumbani, akashika ndoo ya maziwa kana kwamba hakuwahi kuiacha. Asubuhi anakamua, jioni anakamua, katikati anakaa kwenye meza ya jikoni na laptopu. Nikamuuliza ni kazi gani hiyo haina mshahara. Akasema anatengeneza gemu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo kwangu gemu ilikuwa ni ile ya watoto wa mjini ya kupiga watu risasi. Nikamwambia, binti yangu, mtu mzima na bunduki ya uongo. Alinikalisha kwenye kiti, akaniwekea vile vitu vya masikio, akasema, "Baba, usiangalie sana. Sikiza kengele iko upande gani."

Kwenye kioo kulikuwa na ukungu. Nasema ukungu wetu kabisa, mweupe, unaoning'inia chini hivi. Na katikati amesimama mwanamke mdogo wa kuchorwa, amejifunga kitambaa chekundu. Mbali nikasikia kengele ya ng'ombe, nayo ilikuwa kengele yetu, ile iliyopasuka kidogo na inalia kama kijiko kwenye sufuria. Nikaonyesha kushoto. "Haya, nenda huko," akasema, akanionyesha mahali pa kubonyeza. Mwanamke akatembea. Ukibonyeza kwingine, mwanamke anaita, na sauti ni ya binti yangu mwenyewe, mwito wa mama yake: "Hoo-ii, mama. Hoo-ii." Nyuma ya sauti unasikia upepo, na ndoo inagongwa, na mtu anakohoa. Huyo anayekohoa ni mimi.

Nilitembea na huyo mwanamke muda mrefu. Niligonga ua mara mbili, binti yangu akanicheka. Mwishowe nikafika mtoni. Kengele ilikuwa ng'ambo. Nikabonyeza, mwanamke hakuenda. Hakuna daraja, hakuna mawe ya kukanyaga, na ng'ambo ni rangi ya kijivu tu.

"Sasa hapa?" nikauliza.

"Hapa bado."

"Utaweka daraja?"

"Baba, wewe na daraja. Ngoja tu. Mama aliniambia vile ilikuwa."

Nikangoja. Nilikuwa nimengoja tangu akiwa mtoto, kungoja kidogo zaidi si kitu.

Halafu ikaja stroki, kiharusi chenyewe. Asubuhi moja alikuwa anachuja maziwa, nikasikia sufuria ikianguka, nikamkuta amekaa sakafuni ndani ya maziwa, ananiangalia kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Alikuwa hata hajakaribia miaka arobaini. Hospitalini walifanya walichoweza. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukarudi kidogo, na maneno yakaenda yote isipokuwa moja. Neno lililobaki ni ndiyo.

Mwanzoni tulifurahi. Unataka uji? Ndiyo. Unasikia baridi? Ndiyo. Nikawaambia watu wa kanisa anaendelea vizuri. Daktari ndiye aliyenieleza taratibu kwamba neno hilo linatoka lenyewe, kama chafya, na kwamba anasikia kila kitu, anaelewa, anajua anachotaka, ila mlango wa kutokea umekwama. Sikuamini. Nilipofika nyumbani nikamuuliza, "Wewe ni mwanaume?" Akasema, "Ndiyo." Halafu akalia. Sijamuuliza tena kitu cha kumjaribu.

Maandishi pia yalimkimbia. Ile mistari ambayo aliandika mwenyewe kutengeneza gemu, nikimfungulia anaiangalia, anapitisha kidole, anaisukuma. Kucheza anacheza. Kwa mkono wa kushoto anamtembeza mwanamke mpaka mtoni, anasimama, anaangalia ng'ambo. Mwisho wa gemu yuko nao ndani ya kichwa chake na hakuna wa kuutoa.

Sasa ng'ombe. Nilidhani shida yangu itakuwa ni binti tu, kumbe na ng'ombe naye. Alizuia maziwa. Nilimwosha na maji ya moto, nikapaka mafuta, nikaleta ndama, nikamwongelesha kwa upole, na yeye anatafuna tu akiangalia nyuma yangu, akingoja mwenyewe aje. Nikijaribu kuita ule mwito, unanitoka kama wa kufukuza, na anaruka. Siku moja nimechoka, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, nikasikia kutoka jikoni, binti yangu anacheza gemu yake: "Hoo-ii, mama." Na ng'ombe akashusha. Maziwa yalianza kudondoka yenyewe chini, mimi sijashika kitu.

Tangu siku hiyo nilikuwa naenda na laptopu zizini. Naiweka juu ya mtungi uliopinduliwa, nabonyeza mwanamke aite, nakamua. Stima ikipotea hakuna umeme wa kuichaji, na maziwa yanapotea. Mvua ikinyesha naifunika na gunia. Najua inaonekana ni ujinga, lakini wewe ungefanya nini?

Hapo ndipo anaingia rafiki wa binti yangu, wa Kikopey. Ni msichana waliyefanya kazi naye kwa lile duka la simu, baba yake ana bucha kule Kikopey kwenye nyama choma, na kila akija kutuona analeta mbavu zimefungwa kwa karatasi. Alifungua laptopu, akakwaruza kwa kucha.

"Baba, hii imekauka hapa kwa kibodi ni nini?"

"Ni ng'ombe," nikasema.

Aliniangalia sana. Halafu akatueleza kilichomleta. Kuna mkutano utakuwa Nakuru, wenyewe wanauita jamu, na si ile ya mkate. Watu wanaotengeneza gemu wanaleta zile zilizowashinda. Kila mmoja anasimama anaonyesha alipofika na alipokwama. Halafu wengine wanachagua, wanakaa nayo siku mbili, wanaiendeleza kutoka pale mwenyewe alipoachia. "Watu wako na gemu nusu nusu zinaozea kwa laptopu," akasema. "Afadhali mtu mwingine amalizie."

Akamgeukia binti yangu, akapiga magoti mbele yake. "Tupeleke yako?"

"Ndiyo."

Msichana akaniangalia. Anajua ile hali. Akauliza upande wa pili, polepole: "Ama tusipeleke?"

"Ndiyo."

Nyama ikapoa. Halafu binti yangu akanyoosha mkono wa kushoto, akaivuta laptopu, akaiweka kwenye mapaja ya rafiki yake. Basi tukasema amekubali. Mpaka leo sijui kama alimaanisha aichukue, ama alitaka tu amwekee chaji.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi juu ya duka la mbegu. Vijana wawili walimbeba binti yangu na kiti chake kupanda ngazi, wakimwambia "sister, shikilia," wakawa na heshima. Kila mtu "niaje," "sasa," "karibu mzee." Msichana wa Kikopey ndiye aliyekuwa anaongoza, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kusema kwa niaba ya mtu. Ingekuwa upendeleo. Binti yangu hawezi. Tukabaki na mimi.

Nilikaa nikawasikiza wa kwanza. Mmoja alikuwa na gemu ya kuku wanaovuka barabara kuu kule Salgaa, kuku wanavuka vizuri lakini malori hayasimami. Mwingine alikuwa na mji mzima ameujenga, una taa, una maduka, hauna mtu hata mmoja, kwa sababu watu ndio walimshinda. Wanasimama mbele ya wenzao na kusema, hapa ndipo nimekwama. Nikashangaa. Kanisani ushuhuda hutolewa na aliyetoka shimoni. Hawa walikuwa wanatoa wakiwa bado ndani, na watu wanawapigia makofi.

Msichana alikuwa amenifundisha nyumbani. Sema kuna mwanamke anatafuta ng'ombe kwenye ukungu. Sema unatumia masikio. Onyesha. Sema inaishia mtoni, na tunaomba mtu amvushe. Hayo manne tu. Nilikuwa nayo kichwani kama mtoto na aya ya Biblia.

Nikasimama. Laptopu ikaunganishwa, mwanamke akatokea mkubwa ukutani, ndani ya ukungu wake, amesimama anangoja.

"Bwana asifiwe," nikasema.

Wachache wakasema amina.

Mzee hawezi kusimama mbele ya watu akaanza na shida. Nikawaletea salamu za Sachangwan. Nikamshukuru Mungu kwa safari. Nikasema mimi ni nani, na huyu kwenye kiti ni nani, na mama yake alikuwa nani. Hapo nikaona mbele kuna vijana wanaoneshana kibodi na kunong'ona. Mavi yalikuwa bado yako kwenye herufi, msichana hakuweza kuyatoa yote. Nikaona haya. Nikafikiri, wacha nieleze kwanza haya mavi, wasije wakadhani binti yangu ni mchafu. Kwa hivyo nikaeleza. Nikaeleza ng'ombe alivyozuia, na maji ya moto, na mtungi uliopinduliwa. Nikasema ile ya stima kupotea na maziwa kupotea.

Wakacheka. Na mimi nikisikia watu wanacheka ni kama mbuzi aliyeona mahindi. Nikawaonyesha ng'ombe anavyogeuza masikio. Nikabonyeza, binti yangu akaita ukumbi mzima, "Hoo-ii, mama," na nikafanya ile ya maziwa kudondoka, kwa vidole. Mtu mmoja nyuma alikuwa anapangusa macho. Nikageuka kumwangalia binti yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia ukutani.

Simu ya msichana, aliyokuwa anahesabia dakika, ikalia.

"Sasa nifike kwa gemu yenyewe," nikasema.

"Baba, dakika zimeisha."

"Nipe moja tu."

"Nikikupa wewe nitampa kila mtu." Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa chini. Amekula kwangu mara nyingi, na alijua vizuri kuliko mimi kilichotokea. "Asante, mzee. Tumpigie makofi."

Walipiga makofi mengi sana. Ukutani mwanamke alikuwa bado amesimama pale pale mwanzo. Hakuwa amepiga hatua hata moja.

Baadaye watu walipita kubandika karatasi za rangi kwa gemu waliyoichagua. Nilikuwa nimekata tamaa, nikijua nimeharibu. Halafu nikaona karatasi ya kijani kwenye yetu, mapema kabisa, hata kabla ya ile ya kuku. Kikundi cha watatu. Msemaji wao alikuwa na rasta ndefu zimefungwa nyuma, siku za kazi yuko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, na wikendi ni hizi gemu. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, hiyo kitu yako ni moto."

Nilimpenda. Nikamwambia Mungu akubariki. Nikaenda kumwambia binti yangu, umepata watu, sasa mama atavuka. Akasema ndiyo.

Tulikaa pembeni ya meza yao. Walikuwa wanaongea haraka, nusu Kiingereza, nusu lugha yao ya vijana, na mimi nadaka neno hapa na pale. Nikadaka kukamua. Nikadaka ng'ombe. Nikadaka simu. Sikudaka mto. Mwishowe nikasogea.

"Kijana, na yule mwanamke?"

"Mwanamke gani, mzee?"

"Wa kitambaa. Anatafuta ng'ombe. Amefika mtoni."

Akafungua, akamwangalia, akamtembeza kidogo. "Aah. Huyo tutamrudia. Kwanza tutoe ile kitu inafanya kazi. Mtu anaweka kwa simu, anachagua mwito, ng'ombe inashusha maziwa. Hakuna mtu amefanya hiyo."

"Lakini gemu ni ya mto."

"Mzee wangu," akasema, akicheka bila ubaya, "wasee wenye ng'ombe ni wengi. Wenye mto ni wangapi?"

Wenzake wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, kwa sababu alisema vizuri.

Nikaenda kwa msichana wa Kikopey. Nikamwambia hawa wameshika mkia wakaacha ng'ombe. Akanisikiza mpaka mwisho. "Baba, wamechukua kile ulichowaonyesha," akasema. "Na sheria ni kwamba ukishatoa, umetoa. Mwenyewe hakai juu ya kichwa cha mtu." Sheria hiyo naijua. Hata kwetu zamani ulikuwa ukimpa mtu ng'ombe wako amtunze, unaruhusiwa kupita ukamwangalia juu ya ua, lakini humwambii jinsi ya kumlisha. Tofauti ni kwamba ng'ombe huyo, miaka ikipita, akirudi bado ni ng'ombe.

Lakini yule wa rasta hakuwa mtu mbaya. Aliona nimesogeza kiti mbali na meza yao, akaja kwenye kiti cha binti yangu, akachuchumaa ili wawe sawa macho.

"Sister, hii ni yako. Wewe ndio unajua. Tukitoa huu ukungu na huyu mama, tubaki na sauti tu, ni sawa?"

"Ndiyo."

Akainuka amefurahi. Nikamwambia, ngoja. Muulize upande wa pili.

"Vipi?"

"We muulize."

Akachuchumaa tena. "Ama unataka tubaki na ukungu na mama, tutengeneze mto?"

"Ndiyo," akasema binti yangu. Alimshika mkono wa shati. Alimshika kweli, kidole kimenasa kwenye kifungo. "Ndiyo. Ndiyo."

Kijana akaangalia ule mkono. Akaniangalia mimi. "Sasa mzee, tunafanya gani?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na lugha yangu yote. Mtu ambaye amewahi kushikilia matanga mazima kwa hadithi mpaka watu wakasahau kulia. Nilijua tu kwamba kuna mto na kuna ng'ambo, na huko ng'ambo kuna kitu ambacho watu wawili walikijua, mmoja yuko kaburini na mwingine ameshika shati la mtu. Wangeniambia, haya mzee, tutengeneze huo mto, mama anavukaje? Ningesema nini? Daraja? Aliniambia mimi na daraja langu.

"Sijui," nikasema.

Akangoja kidogo kuona kama kuna zaidi. Halafu akakitoa kidole cha binti yangu kwenye kifungo, taratibu, akarudi mezani.

Siku ya mwisho walionyesha. Walikuwa wamefanya kazi, siwezi kusema uongo. Kwenye simu kulikuwa na picha ya ng'ombe mzuri wa katuni, na vitufe vya rangi, na ukibonyeza, sauti ya binti yangu inaita, safi kabisa. Upepo wameutoa. Ndoo wameitoa. Kikohozi changu wamekitoa. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mwanaume mmoja akaiomba pale pale ampelekee shangazi yake Njoro. Yule wa kuku bado malori yake hayakuwa yanasimama, na yeye pia alikuwa anapiga makofi.

Wa rasta alimletea binti yangu simu mkononi. "Sister, ni wewe. Tumeweka jina yako pale mwanzo, ona." Na kweli waliliweka, la kwanza kabla ya yao.

Binti yangu aliangalia. Alibonyeza, akajisikia anaita. Halafu akaigeuza simu, akaangalia mgongo wake. Akaigeuza tena mbele, akaangalia, akaigeuza nyuma, kama mtu anayemtafuta aliyejificha nyuma ya mlango. Nilijua anamtafuta nani. Nadhani nilijua. Nikamuuliza ikiwa anataka twende nyumbani, akasema ndiyo, na kwa mara hiyo moja nikaamua kumwamini.

Nyumbani niliijaribu kwa ng'ombe, ile waliyoniwekea kwa simu. Nilikuwa natumaini, nasema wazi, kwamba atakataa. Kwamba atageuza kichwa aseme huu si mwito wetu, uko wapi upepo, iko wapi ndoo, ili nami niwe na kitu cha kumwambia mtu. Ng'ombe akashusha maziwa yote. Hakujua tofauti. Afadhali hata, simu inaingia mfukoni na chaji inakaa. Laptopu nimeipangusa, haijarudi tena zizini.

Kisha majirani. Wa juu alikuja kuona, akawekewa kwa simu yake. Akampa shemeji yake. Nilidhani haitafanya kazi, maana nilisema kila nyumba ina mwito wake, lakini ng'ombe wa siku hizi wanazoea haraka, ama labda mambo hayo tulikuwa tunajidanganya tu. Sasa jioni, saa za kukamua, ukungu unaposhuka na hakuna anayeonekana, unamsikia binti yangu. Anaita kutoka kwa jirani wa juu, hoo-ii, mama. Anaita kutoka chini kwenye bonde. Anaita kutoka upande wa barabara. Ng'ombe wetu anainua kichwa huku, anainua kule, mwishowe anachoka analala.

Yeye mwenyewe anakuwa amekaa mlangoni na shuka yake, anasikiza. Sijui ni kitu gani kinapita kichwani kwa mtu kusikia anaitwa na yeye mwenyewe na hawezi kujibu. Mchungaji alisema ni ajabu, kwamba Mungu amempa sauti kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Nikasema amina, kwa sababu ni mchungaji.

Msichana wa Kikopey alipokuja tena na mbavu zake, alisema kutakuwa na mkutano mwingine. Gemu ya zamani bado ipo, akasema, kitu cha kompyuta ukimpa mtu bado unabaki nacho. Anaweza kuipeleka tena, na safari hii atatafuta mtu mwingine wa kusema. Alisema hilo la mwisho akipanga nyama kwenye sahani, bila kuniangalia. Nikamwambia ni vizuri. Nikamwambia hata huyo mtu mwingine atasema nini akiulizwa ng'ambo kuna nini, na yeye akanisogezea sahani, tukala.

Asubuhi, kazi ikiisha, namfungulia laptopu. Namsogezea mkono wa kushoto. Mwanamke anaamka ndani ya ukungu, kengele inalia kama kijiko kwenye sufuria, na binti yangu anamtembeza, hagongi ua hata mara moja. Wanafika mtoni. Anasimama. Wakati mwingine anabonyeza aite, na hapo nyuma ya sauti yake ninajisikia nikikohoa. Ng'ambo ni kijivu.

Nakaa karibu naye. Siku hizi siulizi kitu. Naangalia pale anapoangalia, nikingoja kidole chake kisogee, na kikisogea huwa ni kwa kumrudisha mwanamke nyumbani.